Kapteni wa Manowari na Dhamana Yake

Mtu aliyezaliwa na kukulia hapa Majengo, katika mji huu wa Mpanda ulio mbali na bahari kwa mamia ya maili, aghalabu huihesabu habari ya manowari na maofisa wake kuwa ni habari ya watu wa pwani, isiyomhusu ndewe wala sikio. Ilhali migebuka na dagaa anaowanunua sokoni wameletwa kutoka Ikola na Karema, katika ufuko wa ziwa ambalo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lilipiganiwa na manowari za dola kubwa za Ulaya, kila moja ikiwa na nahodha wake, na kila nahodha akiwa na cheo kilichopishana na cha mwenziwe. Kwa ajili hiyo naona ni haki, na tena ni wajibu, kwamba watu wa Katavi nao waelezwe kwa tuo kapteni wa jeshi la wanamaji ni mtu gani, amefikaje hapo alipo, na kwa nini heshima yake inapita ile ambayo jina lake linaelekea kuidai.

Mkanganyiko wenyewe huanzia kwenye jina. Katika jeshi la nchi kavu kapteni ni ofisa ambaye bado ni kijana, mwenye nyota tatu mabegani, aliyekwisha kupita daraja za Luteni Usu na Luteni, na ambaye aghalabu huongoza kombania moja ya askari au humsaidia mkubwa wa kombania hiyo. Katika majeshi ya wanamaji yaliyofuata taratibu za Kiingereza, kapteni ni mtu aliyekwisha kuota mvi katika utumishi, mwenye tepe nne za rangi ya dhahabu katika mikono ya koti lake au mabegani, na ule wa juu umekunjwa ukafanya kitanzi kidogo. Naye hasimami safu moja na kapteni wa nchi kavu, bali husimama na Kanali, yaani amempita somo yake kwa daraja tatu kamili. Chini yake yuko Kamanda, aliye sawa na Luteni Kanali. Chini ya huyo yuko Luteni-Kamanda, aliye sawa na Meja. Kisha ndipo anapokuja Luteni wa majini, ambaye ndiye aliye sawa na yule kapteni wa nyota tatu. Juu ya kapteni wa majini yuko Komodori, aliye sawa na Brigedia Jenerali, na juu ya huyo zinaanza daraja za Admirali.

Hata katika ufuko wetu wa Tanganyika jina hilo lilitangulia kufika likiwa na maana ile ndogo. Mfaransa Joubert, aliyelinda misheni ya Mpala ng'ambo ya Karema katika miaka ile ya misukosuko ya mwisho wa karne ya 19, alijulikana na watu wote kwa jina la Kapteni. Lakini huyo alikuwa ofisa wa nchi kavu, aliyelitumikia jeshi la Papa huko Italia kabla ya kuja Afrika, wala hakupata kuongoza manowari.

Asili ya tofauti hii ni ya kale, na mtu akiitazama vema huona kwamba haikutokana na kiburi cha watu wa majini. Zamani huko Ulaya mfalme alipotaka kupigana baharini alizitwaa merikebu za wafanyabiashara, akapakia humo askari wake pamoja na mkubwa wao, na huyo mkubwa wa askari ndiye aliyeitwa kapteni. Kazi ya kupanga matanga, kushika sukani na kujua miamba ilibaki mikononi mwa baharia mwenyewe, mtu wa daraja ya chini, ambaye hakuulizwa neno lolote katika mambo ya vita. Mgawanyo kama huo haukuwa mgeni hata kwetu. Mwaka 1840, merikebu Sultana ya Seyyid Said bin Sultan ilipotoka Unguja kwenda New York ikiwa imesheheni tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu na ngozi, aliyekabidhiwa amana ya safari nzima alikuwa Ahmad bin Naaman, mjumbe na mtu wa siri wa Seyyid, na aliyeshughulika na kuielekeza merikebu katika bahari ile kuu alikuwa Mwingereza wa kuajiriwa.

Manowari zilipozidi kuwa kubwa, na mizinga ikawa ndiyo silaha kuu badala ya panga za askari waliopakiwa, mgawanyo huo haukufaa tena, kwa kuwa ushindi ulikwenda kwa yule aliyejua kuigeuza merikebu yake upande wa upepo kwa wakati uleule anaofyatua. Hapo ujuzi wa bahari na amri ya vita vikaunganishwa katika mtu mmoja. Huko Uingereza ikawa kila ofisa anayekabidhiwa manowari kubwa hupewa cheo cha kapteni, na tangu siku hiyo jina lake huandikwa katika orodha ya makapteni, akapanda kuelekea uadmirali kwa kufuata zamu ya tarehe yake. Ilipofika katikati ya karne ya 18 serikali ya nchi hiyo ikaweka kanuni za kulinganisha vyeo vya bahari na vya bara, nao wakaona kwamba mtu mwenye merikebu ya mizinga sabini na mabaharia mamia kadhaa hawezi kuwekwa sawa na mkubwa wa kombania moja, bali mahali pake ni pamoja na Kanali. Wamarekani nao, ambao kwa muda mrefu hawakupenda jina la Admirali kwa sababu lilinuka ufalme, walikifanya kapteni kuwa cheo cha juu kabisa katika jeshi lao la majini hadi mwaka 1862.

Lakini cheo ni jambo moja, na unahodha wa chombo ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Nitaliweka neno kapteni kwa ajili ya cheo, na neno nahodha kwa ajili ya yule aliyekabidhiwa chombo. Si kila kapteni ana manowari. Wengi wao hukaa maofisini, vyuoni na katika balozi. Wala si kila nahodha wa manowari ni kapteni. Meli kubwa inayobeba ndege za vita ya Marekani, yenye watu wapatao 5,000 ndani yake, huongozwa na kapteni, lakini manowari za wastani aghalabu huongozwa na Kamanda, na mashua za doria huweza kuwa mikononi mwa Luteni ambaye ndevu zake bado hazijajaa. Hata hivyo kila mmoja wa hawa, akiwa ndani ya chombo chake, mabaharia humwita kapteni, na neno lake ndilo la mwisho, na ofisa wa cheo kikubwa kuliko chake akipanda kama abiria hana ruhusa ya kumwamuru ageuze omo.

Historia ya pwani yetu inaonyesha jambo hili vizuri. Katika Delta ya Rufiji, mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha miongoni mwa mikoko chini ya nahodha Max Looff, ambaye cheo chake alipokuja Dar es Salaam mwaka 1914 kililingana na cha Luteni Kanali, sawa kabisa na kile alichokuwa nacho Lettow-Vorbeck aliyeliongoza jeshi la Wajerumani nchi kavu. Waingereza wakaleta manowari mbili pacha zenye kina kifupi, zinazoweza kuingia mtoni: Severn, ambayo nahodha wake Fullerton alikuwa kapteni kwa cheo, na Mersey, ambayo nahodha wake Wilson alikuwa Kamanda. Zilikuwa merikebu za namna moja, zenye mizinga ya namna moja na kazi ileile, na tarehe 11 Julai 1915 zikaimaliza Königsberg. Wala hakuna baharia wa Mersey aliyejiona ana nahodha pungufu kwa sababu tepe zake zilikuwa tatu badala ya nne. Looff naye, baada ya kupoteza merikebu, aliiopoa mizinga yake kumi akaipeleka bara, akapigana vita vya miguu pamoja na mabaharia wake chini ya amri ya Lettow-Vorbeck.

Mfano wa kapteni kamili, mwenye cheo na chombo vyote viwili, ni Brownrigg wa manowari London, ambayo kuanzia muongo wa 1870 ilitia nanga mbele ya mji wa Unguja kwa kazi ya kuzuia biashara ya watumwa. Manowari ile ilikuwa kubwa na kuukuu, haikwenda mbio, na msako wenyewe ulifanywa na mashua zake ndogo zilizozungukia Unguja na Pemba. Tarehe 3 Desemba 1881, Brownrigg akiwa katika mojawapo ya mashua hizo pamoja na mabaharia wachache karibu na Pemba, alikutana na jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa. Na kwa kuwa bendera hiyo ilimnyima haki ya kulipekua, alilisogelea kwa nia ya kutazama hati zake tu. Watu wa jahazi wakamimina risasi, kisha wakairukia mashua, na kapteni huyo, ambaye angaliweza siku ile kukaa katika kivuli cha merikebu yake, akapigana kwa mikono yake mpaka akauawa. Simsifu kwa sababu ya dola aliyoitumikia, ambayo hatima yake kwa Unguja inajulikana. Namtaja kwa sababu katika kifo chake unaonekana ule upande wa dhamana usioandikwa katika tepe.

Na sasa turudi katika ziwa letu. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Wajerumani walikuwa na nguvu zaidi katika Tanganyika. Zimmer, aliyekuwa nahodha wa merikebu Möwe, aliizamisha mwenyewe bandarini Dar es Salaam ili isitekwe, akapanda reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka uleule, akiwa na mabaharia wake, akashika amri ya vyombo vyote vya ziwani. Tarehe 22 Agosti 1914 stima yao Hedwig von Wissmann iliishambulia stima ya Wabelgiji huko Lukuga, na tangu hapo maji yote kutoka Kigoma, kupita mbele ya Karema, mpaka Kasanga, ambayo wakati huo iliitwa Bismarckburg, yakawa yao. Waingereza wakajibu kwa shauri ambalo hata leo linastaajabisha: walitoa mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja ya urefu wa futi 40 tu, wakazipakia melini Juni 1915 hadi Cape Town, wakazipitisha kwa reli hadi Katanga, na kutoka Fungurume wakazikokota juu ya milima ya Mitumba kwa mitambo ya mvuke, kwa maksai, na kwa nguvu za maelfu ya Waafrika waliokata msitu na kujenga madaraja, kisha wakazishusha kwa mto na reli mpaka ziwani mwishoni mwa Oktoba. Majina ya wale waliozikokota hayakuandikwa popote, na mimi naona hasara hiyo kila ninapoisoma habari hii.

Mkubwa wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa Luteni-Kamanda, sawa na Meja, aliyepewa ukamanda wa muda kwa ajili ya kazi hiyo. Chini yake alikuwa na manaibu wa daraja ya Luteni, na upande wa Wajerumani stima Kingani na Hedwig von Wissmann ziliongozwa na Junge na Odebrecht, nao walikuwa maofisa wadogo. Si Zimmer wala Spicer-Simson aliyekuwa amefikia cheo cha kapteni wa majini. Lakini tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilipotokea, mambo yote ya vita vya bahari kuu yalionekana katika chombo kisichozidi ukubwa wa mashua ya mizigo. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu. Mashua za Waingereza, kwa kuwa zilikwenda mbio kuliko stima hiyo, zikaijia kwa nyuma na ubavuni, na Junge hakuwa na la kufanya ila kujaribu kuigeuza stima yake iwaelekee. Katika dakika chache alikuwa amekufa pale alipokuwa amesimama, na mhandisi wake akasalimisha chombo. Odebrecht aliyetumwa baadaye kupeleleza kilichompata mwenziwe, tarehe 9 Februari 1916, alifukuzwa kwa saa kadhaa mpaka Hedwig von Wissmann ikazama, naye akachukuliwa mateka.

Habari ya Spicer-Simson baada ya hapo inafundisha zaidi kuliko ushindi wake. Watu wa ng'ambo walimwita Bwana Kifunga Tumbo kwa sababu ya sketi aliyopenda kuvaa, na ushindi ulimpa fahari kubwa; lakini ilipotokea Graf von Götzen, stima kubwa ya Wajerumani yenye urefu wa zaidi ya mita 70, hakukubali kuikabili, na Juni 1916, alipofika Bismarckburg ili kulizuia boma kwa upande wa maji, aliogopa mizinga aliyoiona juu ya boma, akarudi nyuma, na Wajerumani wakatoroka kwa mashua usiku. Jeshi la nchi kavu lililowasili lilimlaumu kwa maneno makali. Hakuna aliyeweza kumlazimisha wakati ule, kwa maana vyombo vilikuwa vyake na hukumu ilikuwa yake. Na kwa sababu hiyohiyo hakukuwa na mwingine wa kubeba lawama. Akarudishwa kwao kwa ugonjwa, wala hakukabidhiwa tena chombo cha vita.

Götzen yenyewe ilizamishwa na wenyewe tarehe 26 Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya wahandisi wake kuipaka mitambo grisi kwa uangalifu ili maji yasiiharibu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wetu wa Ikola na Karema wameijua kwa vizazi kadhaa. Kwa kuwa hapakuwa na gati, ilisimama majini mbali na ufuko, mara nyingi usiku wa manane, na mashua zikaizunguka kwa makelele, magunia ya mchele yakipandishwa upande huu na watoto wakiteremshwa upande ule kwa mikono ya watu wasiowajua. Na juu ya ghasia zote hizo, katika chumba cha usukani, alisimama mtu mmoja aliyekuwa akitazama upepo na kina, akijua kwamba asiponena neno la kung'oa nanga kwa wakati wake hakuna mwingine atakayelinena. Huyo hakuwa mwanajeshi, wala hakuwa na cheo cha kapteni wa manowari, lakini dhamana yake ni mama wa kile cheo.

Katika manowari dhamana hiyo imewekewa sheria. Nahodha halali kama walalavyo wengine: kabla ya kwenda chumbani huandika katika kitabu cha amri za usiku njia ya kufuata, mwendo, na mambo ambayo yakitokea ni lazima aamshwe, akatia sahihi, na kila ofisa wa zamu husoma na kutia sahihi yake chini. Ofisa wa zamu akigonga mwamba saa tisa za usiku huku nahodha amelala, ofisa huyo ataulizwa, lakini nahodha naye ataulizwa, na udhuru wa usingizi haupokelewi. Anao uwezo wa kuhukumu na kuadhibu makosa ya watu wake kwa mipaka ya sheria ya jeshi, na aghalabu hula peke yake, kwa kuwa mtu atakayekuhukumu kesho haifai mzoeane mno leo. Na katika mila ya zamani ya wanamaji wa Kiingereza, nahodha aliyepoteza manowari yake alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama watu wote walijua hakuwa na kosa, ili habari yote isemwe wazi na heshima yake, kama alistahili, imrudie kwa hukumu wala si kwa huruma. Mimi naiona mila hiyo kuwa ya uadilifu mkubwa, na natamani ingalikuwapo katika kazi nyingi za nchi kavu.

Tanzania ilianzisha Kamandi yake ya Wanamaji mwaka 1971, makao yake yakiwa Kigamboni, na China ikiwa mshirika mkubwa wa mwanzo. Mkuu wa kamandi hiyo katika miaka ya karibuni amekuwa akishika cheo cha Rear Admirali, kinacholingana na Meja Jenerali. Kazi za wanamaji haziishii Bahari ya Hindi, kwa kuwa nchi yetu ina mpaka wa maji katika maziwa matatu makubwa, na Ziwa Tanganyika peke yake lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika karibu mita 1,470, likipakana na Burundi, Kongo na Zambia. Bandari mpya ya Karema imeuleta mpaka huo karibu zaidi na Mpanda kuliko ulivyopata kuwa.

Kwa hiyo kijana wa Majengo anayevutwa na maji na ajue mapema kwamba njia ni mbili, na kwamba hazikutani kwa urahisi. Anayetaka kuwa nahodha wa meli za abiria na mizigo huenda vyuo vya ubaharia, kama Chuo cha Bahari Dar es Salaam, akatafuta vyeti daraja baada ya daraja, na kati ya cheti na cheti hutakiwa kuonyesha muda aliotumikia majini kwelikweli; huyo ataitwa kapteni kwa sababu ya cheti na chombo alichokabidhiwa, na akishuka katika chombo hana wa kumpigia saluti. Anayetaka tepe nne huanza kama askari, akachaguliwa kwenda mafunzo ya uofisa, ambayo kwa jeshi letu nyumba yake ya asili ni Monduli, kisha akajifunza elimu ya dira, mitambo na silaha za majini, akashika zamu usiku na mchana chini ya manahodha wengine, akapewa chombo kidogo, halafu kikubwa zaidi. Na aghalabu miaka ishirini na ushei hupita kabla tepe ya nne haijashonwa, na wengi walio hodari hustaafu wakiwa na tatu.